Neno "jazz" halikuwa kosa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala mliyoichapisha Jumapili iliyopita kuhusu muziki wa dansi, ambamo mwandishi, baada ya kuwasifu wanamuziki wa zamani kama walivyostahili, alimalizia kwa kusema kwamba bendi zetu za enzi hizo zilijiita "jazz" kwa kutojua, kwa kuwa muziki ziliokuwa zikiupiga ulikuwa rumba na chacha, wala haukuwa jazi ya Wamarekani weusi. Kuhusu rumba na chacha sina ugomvi naye. Aliyewahi kumsikia John Coltrane, mpuliza saksafoni wa Marekani, kisha akamsikia Mbaraka Mwinshehe wetu wa Morogoro, hahitaji kufundishwa kwamba kila mmoja ana njia yake. Ninachokikataa ni hilo la kutojua, kwa sababu linawafanya wazee wetu waonekane kama watu waliookota neno barabarani na kulibandika kwenye ngoma zao bila kuuliza maana yake.

Katika Kiswahili cha mjini, tangu miaka ya 1930, "jazz" lilikuwa jina la kundi kabla ya kuwa jina la muziki. Jazz walikuwa watu waliokubaliana kuwa na magitaa, tarumbeta, saksafoni na ngoma za kizungu, wakachanga fedha, wakachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kila Jumamosi wakapiga dansi ambamo wanachama waliingia na wake zao wakiwa wamevaa vizuri. Kwa maneno mengine, jazz ilikuwa klabu. Mtu akisema anashabikia Young Africans, hakuna anayekwenda uwanjani kukagua kama wachezaji wote ni vijana, kwa sababu kila mmoja anaelewa kwamba hilo ni jina la chama na kwamba chama kina historia yake. Basi Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanza mwaka 1932, nayo isomwe hivyo hivyo.

Desturi hiyo haikuanzia kwenye gitaa. Kabla yake palikuwa na beni, ngoma ya gwaride iliyoiga bendi za kijeshi, na mwambao mzima ulijigawa katika vyama vya Marini na Arinoti, vilivyokuwa na sare, vyeo vya kubuni na ushindani ambao wakati mwingine ulipita kiasi. Gwaride la beni lilipopoa, watu hawakuacha kupenda vyama. Walibadilisha ala na mavazi, wakaingia ndani ya kumbi, na zilipofika sahani za santuri za muziki wa Kuba, zile zilizokuwa na alama ya GV, wakapata mapigo waliyoyaona yanafanana na ya kwao. Ndiyo maana jina ni la Marekani, mapigo ni ya Kuba na katiba ya chama ni ya Kiswahili. Mwandishi wenu ameona mkanganyiko mahali ambapo wenyewe waliona mambo yamekaa sawasawa.

Tena tazama majina yenyewe: Rufiji Jazz, Kilwa Jazz, Ulanga Jazz, Western Jazz. Ni kama mtu ameikata ramani ya Tanganyika vipande vipande akaitandaza Kariakoo. Kijana aliyetoka bara kuja kutafuta kazi bandarini au kwenye nyumba za Wazungu alikuta mjini kuna mahali ambapo lafudhi yake haichekwi. Western Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Iddi Nhende, ilichukua jina lake kutoka Jimbo la Magharibi alikotoka mwanzilishi huyo, na kule Tanga, ambako mkonge uliwavuta watu wa bara kwa maelfu, bendi tuliyoijua baadaye kama Jamhuri Jazz ilianza kwa jina la Young Nyamwezi. Hata ndugu zetu wa Kongo hawakuwa mbali na fikra hiyo, maana OK Jazz ya Franco, iliyozaliwa mwaka 1956, ilipata herufi zake kutoka kwenye jina la baa iliyoanzia kupiga. Ninakiri kwamba si kila jazz ilikuwa mali ya wanachama, kwani nyingine zilikuwa na mwenyewe, aliyenunua vyombo kwa fedha zake na kufunga mlango alipotaka, lakini hata huyo mwenyewe alijua kwamba bila wapenzi waliojiona kuwa wenye nyumba asingeuza tiketi.

Marehemu baba yangu mdogo alikuwa mwanachama wa klabu moja ndogo ya watu wa kwetu, ambayo haikubahatika kurekodi hata wimbo mmoja. Sitaitaja jina, kwa sababu wachache waliobaki hadi leo hawapatani juu ya nani alikuwa mwenyekiti. Alipofariki tulikuta kadi yake ndani ya sanduku la bati, chini ya hati za mazishi ya babu. Ni karatasi ngumu ya rangi ya kahawia, imekunjwa mara mbili, ina namba 41 iliyoandikwa kwa wino na safu ya miezi kumi na miwili, na kila mwezi aliolipa umegongwa muhuri mpaka Septemba, kisha nafasi tatu tupu ambazo shangazi anasema ni za miezi aliyokuwa akioa. Nyuma yake zimechapwa kanuni. Kanuni ya tatu inasema mwanachama atakayefika dansini amelewa atatozwa faini, na ya tano inasema mwanachama akifiwa, klabu itatoa sanda na nauli ya mjumbe wa kupeleka habari nyumbani. Nimeisoma kanuni hiyo ya tano mara nyingi. Ndugu Mhariri, bendi gani ya leo inakuzika?

Nimeeleza hayo ili nifike kwenye jazz ninayoijua mimi mwenyewe kwa miguu yangu, yaani bendi ya Msondo, na ukumbi wa Amana pale Ilala, uliokuwa nyumbani kwake. Mwaka 1964 serikali ilivunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililokuwapo na kuunda chama kimoja, NUTA, na chama hicho kikaanzisha bendi yake, Nuta Jazz, ambayo ndiyo hiyo Msondo. Hapo ndipo kitu kilipogeuka. Klabu ya watu wa nyumbani ikawa klabu ya wafanyakazi, vyombo vikawa mali ya chama, na mwanamuziki, ambaye hadi wakati huo alikuwa akishona nguo au kupaka rangi mchana ili apige gitaa usiku, akaanza kupokea mshahara wa mwezi kama karani. Wengine walifuata mkondo huo, tukawa na Polisi Jazz, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, UDA Jazz ya mabasi ya jiji na Vijana Jazz ya jumuiya ya vijana wa chama tawala. Utaona kwamba neno bado ni lile lile na bado linatangulizwa na jina la wenye klabu, ila sasa badala ya wilaya limekaa kazi.

Chama cha wafanyakazi kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi ikawa Juwata Jazz, na ilipokuja OTTU katika miaka ya 1990, ikawa Ottu Jazz. Pale mlangoni Amana hayo yote yalikuwa mambo ya mchora vibao. Watu walisema Msondo, wakaendelea kusema Msondo, mpaka mwishowe bendi yenyewe ikakubali kuitwa Msondo Ngoma. Na msondo, kwa wasiojua, ni ile ngoma ndefu ya unyagoni, ambayo sisi wanaume tulikuwa tukiisikia kwa mbali tu. Neno la Marekani na ngoma ya bibi zetu vilikaa kwenye kibao kimoja zaidi ya miaka ishirini, na sikuwahi kumsikia mtu akilalamika kwamba vinagombana.

Nilianza kwenda Amana mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiwa fundi mwanafunzi katika karakana moja ya Barabara ya Pugu. Gari la matangazo lilikuwa limepita tangu asubuhi, kwa hiyo kufikia saa moja usiku mtaa mzima ulijua nani yupo na nani anaumwa. Mlangoni ulipokea kipande cha tiketi na muhuri wa wino mgongoni mwa mkono, ambao Jumatatu kazini uliacha kidogo bila kuufuta ili wenzako waulize. Walioingia mapema walikuwa wake kwa waume wa makamo, waliochagua meza ile ile kila wiki na kuwekeana viti. Vijana tulikaa karibu na ukuta kwanza, kwa sababu nyimbo za saa mbili zilikuwa za kupasha vyombo moto, na kucheza mapema kulionekana ni ushamba.

Wasiowahi kuingia wanadhani dansi lilikuwa kelele kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wimbo wa Msondo ulikuwa na sehemu mbili zisizofanana. Ya kwanza ilikuwa ya maneno, taratibu, magitaa yakijibizana kwa adabu chini ya sauti ya mwimbaji, na ukumbi ulisikiliza kweli kweli, maana humo mlikuwa na kesi: mume aliyetoroka na mshahara, wifi mchochezi, mtoto aliyesahau wazazi baada ya kupata cheo. Nimewaona wanawake wakisimama katikati ya ubeti, wakamwelekea mwimbaji na kumjibu kwa kidole, kana kwamba yeye ndiye mshitakiwa. Kisha wapuliza tarumbeta na saksafoni wanainuka kwa pamoja, mpiga tumba anabadilisha mkono, na bendi inachemsha. Hapo maneno yanakwisha. Solo linabaki peke yake juu, kipande kifupi kinarudiwa na kurudiwa mpaka unahisi kimeingia kwenye magoti, na yule mzee wa meza ya pembeni, ambaye mchana alitembea akichechemea, anaonekana katikati ya ukumbi akizunguka na mkewe bila hata jasho.

Ndio wakati wa kutunza. Mtu alitoka mezani akicheza, noti ya shilingi ishirini imenyanyuliwa juu kwa vidole viwili ili kila mmoja aione, akaenda taratibu mpaka jukwaani, akambandika mwimbaji kwenye paji la uso lenye jasho, kisha akarudi kinyumenyume bila kuacha kucheza. Fedha hiyo ilikuwa na heshima yake. Mwimbaji hakuitoa usoni upesi; aliiacha ikae, na wakati mwingine aliimba ubeti mzima na noti imemning'inia juu ya jicho. Nimeona leo watu wakirusha noti hewani kwenye sherehe na nikakumbuka kwamba kule hakuna aliyerusha kitu.

Usiku mmoja, nadhani ulikuwa wa mwaka 1984, umeme ulikatika bendi ikiwa imeshachemsha. Magitaa yalikatwa kama kwa panga, besi ikatoweka, na giza likawa zito kiasi kwamba nilimshika mkono mtu ambaye baadaye niligundua si niliyekuja naye. Tumba hazikusimama. Mpiga drams alizifuata, na baada ya mapigo machache mpuliza saksafoni akaikamata sauti ya solo pale lilipoangukia na kuanza kuipiga yeye, huku tarumbeta zikimwitikia gizani. Wanawake wakashika kiitikio. Tulicheza hivyo, bila taa wala kipaza sauti, muda ambao kila aliyekuwapo anautaja kwa urefu wake mwenyewe. Mimi nasema robo saa, rafiki yangu anasema saa nzima. Taa ziliporudi, magitaa yaliingia moja kwa moja mahali pake, kana kwamba walikuwa wakihesabu kimoyomoyo muda wote. Nakumbuka mpiga solo alikuwa akicheka.

Miaka ile vitu vilikuwa adimu, na hilo nalo lilikuwa sehemu ya sauti tuliyoipenda. Nyuzi za gitaa hazikuwa dukani. Nilimwona mpigaji mmoja, wakati wa mapumziko, akiufunga fundo uzi uliokatikia mwishoni, akaurudisha kwenye kigingi na kuukaza taratibu huku sikio lake limelala juu ya gitaa kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto. Sahani za santuri za wanamuziki wetu zilikuwa zikitengenezewa Nairobi, na mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikaziba, ikabaki studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako bendi zilirekodi nyimbo ambazo nchi nzima ilizijua na ambazo hukuweza kuzinunua popote. Hii ndiyo sababu ukumbi ulikuwa na uzito ambao msikilizaji wa leo, mwenye kila wimbo mfukoni, ni vigumu kuuelewa. Ukitaka kuusikia wimbo leo usiku, ulivaa viatu ukaenda.

Siwezi kuandika kuhusu Msondo bila kuwataja watani wao. Mwaka 1978 ilizaliwa bendi ya Mlimani Park, na miongoni mwa waliotoka Juwata kwenda kuianzisha alikuwamo Muhiddin Maalim Gurumo, sauti ambayo wengi wetu tulidhani imezaliwa pamoja na Nuta. Uongozi wa muziki ulikuwa chini ya Michael Enock, aliyewahi kupigia Dar es Salaam Jazz, hivyo uzi ule wa mwaka 1932 haukukatika. Mwaka 1983 bendi hiyo ilichukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji, ikaweka makao Kariakoo na kujitambulisha kwa Sikinde, ngoma ya ukae, ambayo nayo ni ngoma ya Uzaramo. Tangu hapo jiji likawa na dini mbili. Nyumbani kwetu mama alikuwa Sikinde na baba alikuwa Msondo, na Jumapili redio ilihamishwa kutoka chumba kimoja kwenda kingine kulingana na nani yuko kwenye zamu ya kupiga. Waimbaji walihama upande huu kwenda ule. Hassan Rehani Bitchuka alivuka na kurudi mara kadhaa, na kila alipovuka watu walinuna kama waliotalikiwa. Gurumo mwenyewe, baada ya kupita Sikinde na kisha bendi ya Orchestra Safari Sound, alirudi Msondo na kubaki huko mpaka alipostaafu mwaka 2013. Alifariki Aprili 2014. TX Moshi William, aliyekuwa amebeba sauti ya mbele ya Msondo kwa miaka mingi, alikuwa ametangulia mwaka 2006.

Hapo ndipo ninapoona hasara halisi ya ile sentensi ya mwandishi wenu. Ukisema "jazz" lilikuwa kosa, basi unachobakiza cha kuhifadhi ni nyimbo tu, na nyimbo kwa bahati zimo kwenye kanda za redio ya taifa. Ukikubali kwamba jazz ilikuwa klabu, utaona kuna vitu vingine ambavyo havimo kwenye kanda yoyote: daftari la mweka hazina, kadi, picha za pamoja zilizopigwa studio wanachama wakiwa wameshika ala ambazo baadhi yao hawakujua kuzipiga, barua za kuombana radhi baada ya ugomvi. Vitu hivyo viko majumbani, Ilala, Magomeni, Keko, Temeke, na vinachomwa kila nyumba ya urithi inapouzwa. Mwaka juzi nilifika msibani kwa mzee mmoja aliyekuwa mpuliza tarumbeta, nikakuta wajukuu wameshatoa maboksi nje kwa ajili ya mkusanya taka. Niliokoa picha mbili. Moja ina watu kumi na wanne, na ninaowafahamu ni watatu.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, gazeti lako limekuwa likichapisha picha za bendi za zamani kila mwisho wa mwezi, jambo ambalo wengi tunalishukuru, lakini maelezo yake humtaja mwimbaji na mpiga solo, kisha huandika "na wenzao". Wenzao wana majina, na watu wanaoweza kuyataja bado wanakunywa kahawa vibarazani asubuhi. Mtumeni mwandishi kijana na picha hizo kabla hazijachapishwa, akae nao. La pili, tangazeni kwamba mwenye kadi au picha ya klabu yoyote ya jazz, hata ile isiyorekodi chochote, anaweza kuileta ofisini kwenu ipigwe picha na kurudishiwa. Nitaanza mimi. Kadi namba 41 nitaileta Jumatatu saa nne asubuhi pamoja na zile picha mbili, ila nitaomba nikae pale pale wakati zinapigwa, kwa sababu shangazi amesema kadi isilale nje.

Wako,
Fundi mstaafu,
Ilala, Dar es Salaam